Mabingobingo yanagoma kipupwe wakati ngano pembeni iko kijani tu, baridi inachagua vipi?

Mfugaji_Makete

Wakuu habari za wakati huu. Mi nafuga ng'ombe wa maziwa huku Makete, sio wengi, na chakula chao kikubwa ni mabingobingo na gwatemala kidogo. Sasa kila mwaka kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane napata tabu ile ile, mabingobingo yanasimama kabisa, yaani ukishakata unakaa wiki na wiki unaangalia visiki tu, na yale ambayo hayajakatwa yanaanza kuwa na rangi ya zambarau kwenye kingo za jani halafu yanapauka. Na kuna kitu kingine nimekiona nikaona nikiseme labda kina maana, majani mengine yana mistari myeupe inayokatiza jani kwa upana, sio kwa urefu, mstari mmoja hapa mwingine pale, katikati kijani cha kawaida.

Maji sio tatizo maana nina maji ya mserereko kutoka kilimani na namwagilia, samadi ipo ya kutosha. Kinachonishangaza ni kwamba hapo hapo pembeni jirani ana ngano na iko kijani safi inapanda tu, na zile nyasi za asili ukielekea juu Kitulo nazo zinaendelea na maisha yao. Zote si nyasi jamani? Niliambiwa kwa kifupi kwamba baridi inazuia usanisinuru, sawa, lakini mbona inazuia kwa hili haizuii kwa lile?

Halafu jingine, mabingobingo yaliyo upande ambao asubuhi kuna kivuli cha paini yana nafuu kuliko yaliyo wazi juani. Mi nilitegemea jua ndo liyasaidie. Wajuzi wa mimea nielewesheni, na kama kuna nyasi ya kupanda badala yake nitajieni.

Kijana_wa_Kyela

Hamia Kyela mkuu, huku mabingobingo ukigeuka nyuma yameshakuzidi urefu 😂😂 Nipo hapa nasubiri wataalamu.

Mwl_Baiolojia

Swali zuri sana na jibu lake linajulikana vizuri tu, ngoja nijaribu bila kuwachosha.

Zote ni nyasi ndiyo, ila ndani ya jani hazifanyi kazi kwa njia moja. Kuna zinazoitwa C3 na zinazoitwa C4. Ngano, shayiri, oti, mpunga, raigrasi na nyasi karibu zote za milima mirefu ni C3. Mahindi, mtama, miwa, mabingobingo, gwatemala, boma rodi, hizo ni C4. Hiyo namba ni idadi ya kaboni kwenye kile kitu cha kwanza kinachotengenezwa jani likishanasa hewa ukaa, huku tatu kule nne. Njia ya C4 ilikuja kuelezwa vizuri na Hatch na Slack kule Australia miaka ya 1960, na walikuwa wanachunguza miwa.

Sasa twende kwenye jani lenyewe. Kimeng'enya kinachoshika hewa ukaa na kuianzisha safari ya kuwa sukari kinaitwa rubisko. Ni kimeng'enya muhimu kuliko vyote lakini kina ugonjwa mmoja, mara nyingine badala ya hewa ukaa kinashika oksijeni, na ikitokea hivyo jani linaingia gharama ya kurekebisha na linapoteza kaboni ambayo lilishaipata. Joto likipanda makosa yanaongezeka, nyasi ya C3 kwenye nyuzi 25 na kwenda juu inaweza kupoteza mpaka robo ya ilichovuna. Nyasi za C4 zikajiongeza, zikajijengea pampu. Kimeng'enya kingine kabisa, PEP kaboksilesi, ambacho hakina habari na oksijeni, kinanasa hewa ukaa kwenye seli za nje, inapelekwa ndani kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na rubisko imefungiwa huko huko ndani, inamiminiwa hewa ukaa mpaka oksijeni inakosa nafasi. Ndo maana huko Kyela yanakimbia hivyo, ndo maana pia hakuna nyasi ya C3 itakayoshindana na miwa kwenye joto la Kilombero.

Lakini pampu sio bure. Kukamata molekyuli moja ya hewa ukaa C3 inatumia ATP 3 (ATP ni kama vocha za nishati ndani ya seli), C4 inatumia 5. Kwenye joto hiyo gharama inalipa kabisa. Kwenye baridi rubisko yenyewe inapunguza makosa, na hewa ukaa inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji ya jani, kwa hiyo C3 wala haihitaji msaada, na yule mwenye pampu anaendelea kuwasha jenereta la kuvuta maji wakati mto umeshafika mlangoni.

Hiyo tu isingetosha kuua mabingobingo yako ingawa. Kuna mawili makubwa zaidi.

La kwanza, kwa sababu ya ile pampu jani la C4 halikujisumbua kuweka rubisko nyingi, linaweka chache kuliko C3 maana kila moja inafanya kazi kwa kasi kubwa. Ikija baridi kila kimeng'enya kinapunguza mwendo, sasa ukiwa na vingi vinavyotembea polepole bado kazi inaenda, ukiwa na vichache na vyenyewe vinatembea polepole umekwama. Ngano ikikaa kwenye baridi siku kadhaa inaongeza hata vimeng'enya vya mzunguko wa sukari, mabingobingo hayana uwezo huo, na hata yangekuwa nao rubisko inakaa kwenye zile seli za ndani tu ambako nafasi ni ndogo.

La pili, kuna kimeng'enya kinachoirudisha pampu kwenye hali ya kuanza upya, kinaitwa PPDK. Kimeundwa kwa vipande vinne vilivyoshikana. Kwenye mahindi joto la jani likishuka kwenye nyuzi 12 hivi vile vipande vinaanza kuachana na kimeng'enya kinakuwa hakifanyi kazi mpaka joto lirudi. Sasa Makete mwezi wa saba usiku unacheza nyuzi ngapi? Jibu unalo.

Mfugaji_Makete

Mwalimu ubarikiwe, hapo kwenye rubisko chache nimekuelewa kabisa. Usiku wa mwezi wa saba kuna siku asubuhi tunakuta umande umeganda kwenye nyasi, kwa hiyo hata hizo 12 ni anasa.

Swali sasa, mchana huku jua linawaka, kufika saa sita watu wanavua makoti. Kwanini yasilale usiku halafu yafanye kazi mchana? Ngano inalala na kuamka, haya yanalala jumla.

Botania_Mlimani

Naomba niingie hapa maana hiki ndo kitu nakisoma, na swali la kivuli cha paini ndo limenifurahisha kuliko yote kwenye uzi huu, wengi hawalioni hilo.

Mabingobingo yako hayaumizwi na usiku peke yake. Yanaumizwa zaidi na asubuhi.

Chukulia saa moja na nusu asubuhi, jua limetoka, anga ni safi, jani bado liko nyuzi 4 au 5. Klorofili kunasa mwanga haijali joto wala baridi, mwanga ukigonga unanaswa tu. Ila vimeng'enya vinavyotakiwa kuitumia hiyo nishati vimepoa na havitembei. Kwa hiyo jani linapokea nishati ambayo haliwezi kuitumia, na nishati ikikosa pa kwenda inaishia kutengeneza oksijeni kali zinazounguza mashine yenyewe, hasa ile sehemu inayoitwa fotosistimu ya pili. Jani lolote lina mafundi wake wa kurekebisha, hata la ngano linaharibika kila siku na kurekebishwa, lakini ufundi nao ni kazi ya vimeng'enya, kwenye baridi unachelewa. Ikifika saa sita unapovua koti jani la mabingobingo bado liko gereji, na kabla halijamaliza jua linaanza kushuka, usiku mwingine huo.

Ndo maana nyanda za juu za tropiki ni pagumu sana kwa nyasi za aina hii kuliko hata mahali penye wastani wa joto ule ule lakini pana mawingu. Usiku anga wazi joto lote la ardhi linapotea juu, asubuhi jua la huku halianzi taratibu, linapanda haraka na kali. Baridi na mwanga mkali kwa wakati mmoja, hapo ndo penye madhara.

Sasa paini zako zinafanya kazi mbili. Usiku matawi yanazuia joto lisipotee lote angani kwa hiyo chini yake hakuganda sana, na asubuhi zinachelewesha jua mpaka jani limepata joto kidogo. Usizikate kwa kudhani zinanyima jua mabingobingo, angalau hizo za upande wa mashariki.

Kuhusu ile mistari myeupe, hiyo ni kumbukumbu ya usiku mbaya. Jani la nyasi linakua kutokea chini, ile sehemu changa iliyokuwa bado imejikunja ndani ya ala za majani ya nje usiku wa baridi kali haikufanikiwa kutengeneza kloroplasti zake, yaani vile vifuko vya kijani vya kutengenezea chakula, usiku uliofuata ukiwa afadhali kipande kilichofuata kikatoka kijani. Jani likishatoka nje unaona mstari mweupe, kijani, mweupe, kijani. Kwa mtama na miwa inatokea pia. Mistari ile kwa kawaida hairudi kuwa kijani kamili hata joto likirudi, kwa hiyo jani lililozaliwa kwenye baridi ni hasara ya moja kwa moja, afadhali hata lililozaliwa kabla likaja kukutana na baridi likiwa limeshakomaa.

Rangi ya zambarau ni anthosayanini. Mmea unaacha kukua mapema kuliko unavyoacha kutengeneza sukari, kwa hiyo sukari kidogo inayopatikana inakosa matumizi inabaki kwenye jani, na mizizi kwenye udongo wa baridi inapata fosforasi kwa shida, vyote viwili vinachochea ile rangi. Yenyewe sio adui, inasaidia hata kupunguza mwanga unaofika ndani. Usikimbilie kununua mbolea kwa ajili ya rangi hiyo kama inapotea yenyewe mwezi wa tisa.

Na ukiona asubuhi saa tatu majani yamenyauka na udongo umelowa usishangae, mizizi ikipoa inavuta maji polepole na kuna mimea ya joto ambayo vitundu vya majani yake vinachelewa kufunga kwenye baridi, maji yanatoka juu kuliko yanavyoingia chini. Kuongeza maji hapo hakusaidii kitu.

Mzee_wa_Gunia

Samahani wataalamu lakini mi naona mnatuzungusha. Mahindi mmesema ni C4, sasa Njombe na Ludewa na Mbozi huko nyanda za juu si ndo ghala la mahindi la nchi hii? Baridi ipo na mahindi yapo. Hizo C4 zenu zikae chuoni.

Botania_Mlimani

Mzee wangu shikamoo. Hayo mahindi yanapandwa lini? Mwezi wa kumi na moja mpaka wa kumi na mbili mvua zikianza, yanakua kwenye miezi yenye joto kuliko yote, kipupwe kikifika yanakauka shambani yanasubiri kuvunwa. Jaribu kupanda mwezi wa tano halafu uje utupe majibu.

Na angalia muda. Mbegu za nyanda za juu, iwe H614 au UH6303 ya kituo cha utafiti cha Uyole, zinakaa shambani miezi sita na kuendelea ukiwa juu sana, wakati mtu wa Pwani anavuna ndani ya miezi mitatu au minne. Kuna uzazi wa mbegu ndani yake lakini sehemu kubwa ni joto, ukipanda juu kila mita 1,000 unapoteza nyuzi kama 6 hivi na mahindi yanajivuta. Mavuno mengi yanapatikana kwa sababu yanakaa siku nyingi yakivuna jua, sio kwa sababu yanapenda baridi.

Mzee_wa_Gunia

Marahaba. Hapo kwenye kupanda mwezi wa tano umenikamata, kuna mtu hapa kijijini alifanya hivyo bondeni yakatoka ya njano kama manjano. Endeleeni.

Mama_Kinangop

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko South Kinangop, Kenya, kama mita 2,500 hivi, na shida ya huyu mfugaji tunaijua sana. Huku napia, ndiyo hayo mabingobingo yenu, karibu watu waliachana nayo zamani, ukishapita mita 2,000 na kitu haikupi maana, unaona mtu ameipanda kama uzio tu. Tofauti yetu na nyinyi ni miezi, huku kwetu ile baridi ya kugandisha inakuja sana Januari na Februari wakati usiku hakuna mawingu, Julai ni ukungu na manyunyu, ni baridi lakini sio ya kuchoma. Na kweli kama alivyosema huyo wa botania, Julai napia inadumaa lakini haichomeki, Januari ndio inachomeka, tena asubuhi ikipata jua.

Sisi tunategemea oti na nyasi za kikuyu. Oti unapanda, miezi mitatu hivi unakata, haijali baridi. Sasa mimi nauliza, nyasi za kikuyu nazo ni gani? Maana zinatambaa kila mahali huku, baridi ikizichoma juu zinakuwa kahawia halafu zinarudi zenyewe.

Mwl_Baiolojia

Mama umeuliza kitu kizuri, nyasi za kikuyu ni C4 kabisa, ila asili yake ni hizi hizi nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa hiyo ni C4 iliyozaliwa kwenye ubaridi. Inaanza kukua kwenye joto dogo kuliko mabingobingo, na ujanja wake mwingine uko chini, ile mizizi minene na mashina yake yanayotambaa yamejificha kwenye udongo ambako hakugandi, juu kukiungua inachipua upya. Lakini haiponi kwenye barafu ya mfululizo, na kwenye baridi kali nayo inasimama, haifi tu.

Kwa wanaopenda picha kubwa, kuna utafiti maarufu ulifanyika Kenya, wa Tieszen na wenzake, ulitoka 1979. Walikusanya nyasi kutoka chini mpaka juu mlimani wakapima aina ya kaboni iliyo ndani ya majani, maana C3 na C4 zinaacha alama tofauti ya kaboni hata jani likiwa limekauka miaka. Chini ya mita 2,000 kwenye sehemu za wazi karibu nyasi zote zilikuwa C4. Juu ya mita 3,000 karibu zote C3. Katikati hapo ndo mchanganyiko. Kwa hiyo Mfugaji ukienda zako Kitulo ambako ni zaidi ya mita 2,600 ukakuta nyasi ziko hai mwezi wa saba, nyingi za zile sio ndugu wa mabingobingo kwa namna zinavyofanya kazi, ni ndugu wa ngano.

Mfugaji_Makete

Aisee kumbe hata mlima wenyewe umezipanga kwa ngazi. Sasa zile za Kitulo baridi inagandisha kabisa, barafu haiziumizi?

Msukuma_Ughaibuni

Nipo Uingereza, kazi yangu ni kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, nachangia ninachokiona kila siku.

Huku chakula cha ng'ombe namba moja ni raigrasi. Udongo ukifika nyuzi 5 au 6 tu inaanza kukua, wazee wa huku wanatembea na kipimajoto wanakichomeka kwenye udongo mwezi wa pili na wa tatu ili wajue lini watie mbolea. Nyuzi 6 jamani, kwetu Shinyanga hiyo mtu anaenda hospitali. Ngano nayo wanapanda mwezi wa tisa au wa kumi, inakaa shambani baridi yote, theluji inaifunika inatoka ikiwa hai, na siku yenye jua kidogo ya nyuzi 5 inaendelea kutengeneza chakula.

Mahindi wanalima pia kwa ajili ya sileji, yaani malisho mabichi yanayohifadhiwa bila hewa, ila ni kwa kubembeleza. Wanapanda mwishoni mwa mwezi wa nne au wa tano, na wengine, hasa kaskazini na kule Ireland, wanayafunika na nailoni nyembamba ya mstari mzima ili udongo upate joto, miche inatoboa yenyewe ikikua. Ikitokea wiki ya baridi mwezi wa tano miche yote inakuwa ya njano, jirani wa raigrasi pembeni hana habari. Ni hadithi ya Mfugaji ile ile, nchi tofauti.

Kuhusu kuganda ulivyouliza, hilo ni jambo jingine na usanisinuru, naomba tusichanganye. Kuna baridi ya kupoza, hiyo ndo wataalamu wamekuwa wanaiongelea, na kuna kuganda kwenyewe, maji kugeuka barafu na kupasua seli. Nyasi za baridi zikionja baridi kidogo kidogo wiki kadhaa kabla zinajiandaa, zinajaza sukari kwenye seli, ngano na raigrasi zina sukari ya minyororo inaitwa fruktani, na mafuta ya kwenye utando wa seli yanabadilika yasigande. Mabingobingo hayana maandalizi hayo, ukiyagandisha juu umeyaua juu.

Botania_Mlimani

Msukuma umenena. Niongezee kitu kimoja kwa sababu watu wataondoka hapa wanasema C4 zote ni za joto. Zipo zilizovunja hiyo kanuni. Huko huko Uingereza kwenye matope ya pwani kuna nyasi za chumvi za jamii ya Spartina, ni C4 na zinaishi. Na kuna Miscanthus, nyasi ndefu asili yake Asia ya mashariki, wanailima Marekani Illinois na Ulaya kwa ajili ya nishati. Inafanana sana na miwa, ni ndugu yake wa karibu, pampu ile ile. Ila ukiikuza kwenye nyuzi 14 inatoa majani mazima yanayofanya kazi, mahindi kwenye nyuzi hizo hizo yanatoa majani mabovu. Walipochunguza wakakuta moja ya siri ni kwamba inapoona baridi inaongeza wingi wa ile PPDK aliyoitaja mwalimu, mahindi yanaiacha ipungue.

Kwa hiyo pampu yenyewe sio hukumu. Tatizo ni kwamba nyasi nyingi za C4 asili yake ni joto na hazikuwahi kuhitaji vipuri vya baridi. Watafiti wa mbegu ndo wanahangaika kuona kama mahindi na miwa vinaweza kupewa hivyo vipuri.

Kijana_wa_Kyela

Nilikuja kucheka nimeishia kusoma mpaka mwisho. Ila bado nasema hamia Kyela.

Mfugaji_Makete

Haha Kyela na mbu wake hapana 😂 ng'ombe wangu wa kigeni hawatamaliza mwaka.

Nimekusanya yote. Kwa hiyo nikiamua, mabingobingo nisiyang'oe maana kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne yananilipa vizuri tu, ila nisiyategemee kipupwe. Kuna mtu ana ratiba ya kunisaidia?

Mama_Kinangop

Ndugu yangu fanya hivi. Mabingobingo yakate yote mwezi wa nne au mwanzo wa tano yakiwa bado laini, usisubiri yawe fito, yaanike kidogo yapunguze maji, katakata, tia molasi, shindilia kwenye shimo au mifuko uzibe hewa isiingie kabisa. Hiyo sileji ndiyo chakula chako cha Julai. Na usikate tena ndani ya baridi, acha visiki virefu kidogo, ukikata chini kabisa unalazimisha machipukizi yatoke wakati mbaya, na umesikia majani yanayozaliwa kwenye baridi yanavyokuwa.

Kipande kingine cha shamba panda oti mwezi wa nne mvua zikiwa bado, iote vizuri na udongo wenye unyevu, halafu maji yako ya mserereko yaendeleze. Julai unakata. Ukitaka panda vipande viwili, kimoja wiki tatu nne baada ya kingine, ili usipate yote kwa mara moja.

Mwl_Baiolojia

Naunga mkono, na mbolea ya chumvichumvi usiitie kwenye mabingobingo kipupwe, mmea usiokua hauna pa kuipeleka, mvua ya kwanza inaiosha. Weka mwezi wa tisa joto likianza kurudi. Kwenye oti usizidishe naitrojeni pia, kwenye baridi na mawingu oti inaweza kulimbikiza naitreti kwenye shina, ikizidi ni sumu kwa ng'ombe.

Mfugaji_Makete

Hilo la naitreti nilikuwa silijui, asante. Raigrasi je, nijaribu?

Msukuma_Ughaibuni

Jaribu ila kidogo kwanza. Chukua ile ya Kiitaliano, inakua haraka na huitegemei ikae miaka. Inataka unyevu wa karibu karibu maana mizizi yake haiendi chini sana, siku ukisahau kumwagilia utaiona. Na joto la mwezi wa kumi na moja likifika itachoka, hapo mabingobingo yanapokea zamu.

Mama_Kinangop

Na oti ukichanganya na vechi ng'ombe wanaongeza maziwa, vechi ni jamii ya kunde na haiogopi baridi, inapanda juu ya shina la oti. Kata suke likianza kutoka, na ukichelewa sana mwisho wako ni mbegu ikiwa bado na maziwa ndani. Ikishakauka shina ng'ombe wanachagua majani wanakuachia vijiti.

Mfugaji_Makete

Sawa mama. Mbegu ya oti kwa ekari moja naandaa kilo ngapi?

Mama_Kinangop

Huku tunamwaga kilo 30 hadi 40 kwa mkono, ukichanganya na vechi punguza oti kidogo. Ukipanda kwa mistari itakula pungufu ya hapo. Fukia vizuri, njiwa wanaijua hiyo mbegu kuliko wewe.